ECG inasema moyo mzima, ultrasaundi ya kitandani inasema umetanuka. Nani mkweli?

#1 Nyanda wa Kahama
Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu, hasa mliosomea haya mambo au mliowahi kuuguza.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 26. Alijifungua miezi 3 iliyopita, mtoto wa pili, salama kabisa. Ilipofika wiki ya 6 akaanza kuchoka. Tukasema ni kulea, mtoto analia usiku. Baadaye akawa hawezi kulala chali, anajiegemeza kwenye mito mitatu, na usiku wa manane unamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda anatafuta pumzi. Miguu imevimba, ukibonyeza kinabaki kishimo.

Hospitali ya kwanza walimpima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ikatoka imeandikwa juu kwamba mapigo yana kasi, mengine yote kawaida. Tukaambiwa moyo hauna shida, ni upungufu wa damu, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Siku 9 baadaye akazidiwa, tukampeleka hospitali nyingine. Daktari kijana akatoa kidude mfano wa mashine ya kunyolea, akakichomeka kwenye simu yake, akampaka jeli kifuani. Dakika tano hazikuisha akaniambia: "Kaka, moyo umetanuka na unasukuma kwa udhaifu. Na pembeni kuna maji kidogo." Kampa dawa ya kukojoa na rufaa ya Mwanza akapimwe eko kamili, yaani ultrasaundi kubwa ya moyo.

Sasa nyumbani tumegawanyika. Mama anasema ile ya kwanza ndiyo mashine, ina waya na inatoa karatasi, hii ya pili ni simu tu. Shemeji hataki kwenda Mwanza kwa maneno ya simu. Mimi sijui nimsikilize nani.

#2 Mama Tuli
Pole sana mwanangu. Kabla hawajaja wenye elimu yao: mtu asiyeweza kulala chali na miguu imevimba hasubiri ndugu wakubaliane. Mpelekeni.

#3 Ngosha99
Mimi niko upande wa mama mzazi. ECG ina waya 12, inauona moyo kila upande. Ultrasaundi tunajua ni ya wajawazito. Halafu huyo ananyonyesha, mnamrushia mionzi kifuani mara mbili mara tatu, mnamtakia mema kweli?

#4 Daktari wa Zamu
Ngosha99, turekebishe hapo kwanza. Waya ni 10: nne za mikono na miguu, sita za kifuani. Hiyo 12 ni idadi ya picha ambazo mashine inazipata kwa kulinganisha waya hizo. Na ultrasaundi haina mionzi hata chembe. Ni sauti, kali kuliko sikio linavyoweza kusikia, inaenda inagonga nyama na damu inarudi. Anyonyeshe bila wasiwasi.

Nyanda, hizo mbili hazipingani, kwa sababu zimeulizwa maswali tofauti. ECG inasoma umeme wa moyo tu. Fikiria mashine ya kusaga pale mtaani. Ukisimama nje unasikia injini inanguruma vizuri, haikatiki. Ukiingia ndani unakuta mkanda umelegea, mawe yamechakaa, unga hautoki. Aliyesimama nje hakukudanganya, injini kweli inanguruma. Ultrasaundi ni yule aliyeingia ndani: anauona ukuta wa moyo ukibana na kuachia, anaona vyumba vimetanuka au la, vali (milango ya damu ndani ya moyo) zinafunguka, maji yapo kwenye mfuko wa moyo au hayapo.

Nisizidishe pia. Kwa mtu ambaye moyo umeshindwa kazi, mara nyingi ECG huwa na kasoro ya namna fulani, kwa hiyo ikitoka safi kabisa inapunguza uwezekano. Haiufuti. Na ya dadako haikuwa safi. Mapigo ya kasi kwa mtu aliyelala ametulia ni ishara, mtu alitakiwa kujiuliza kasi hiyo inatoka wapi.

#5 Chumvi Nyingi
Daktari wa Zamu, leo zamu imelala nini, umeandika gazeti zima! Ila mfano wa mashine ya kusaga nimemsomea bibi hapa akaitikia kwa kichwa.

#6 Dada Muuguzi
Mimi ndiye ninayebandika hizo waya kila siku, ngoja niseme la upande wangu. Kabla ya kuiamini au kuikataa karatasi, uliza ilibandikwaje.

Wanawake wengi wanaona haya kuvua, na wahudumu wengi wanaona haya kuwavua. Basi zile sita za kifuani zinawekwa juu juu, nyingine zinapanda hadi karibu na mtulinga. Zina mahali pake! Ya kwanza na ya pili zinakaa nafasi ya nne ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa kifua. Ya nne inakaa nafasi ya tano, usawa wa katikati ya mtulinga. Mama anayenyonyesha matiti yamejaa, inabidi uinue titi kwa adabu ubandike chini yake. Ukipandisha waya nafasi moja tu, mistari inabadilika sura, na mashine inaweza kusoma kovu la shambulio la moyo ambalo halipo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilibadilisha waya za mikono, ya kulia nikaweka kushoto. Karatasi ikatoka mstari wa kwanza umepinduka, vilele vinatazama chini. Intani akaanza kumweleza mzee wa watu kwamba huenda moyo wake uko kulia. Sista mkubwa akaja, akatazama ule mstari wa aVR ambao kwa kawaida huelekea chini, akaukuta unatazama juu. Hakuuliza kitu. Akashika mkono wa mgonjwa, akabadilisha vibanio, akabonyeza upya. Nilimwomba yule mzee radhi palepale, na tangu siku hiyo nagusa kila kibanio nikitaja jina lake kabla sijabonyeza.

#7 Fundi Vifaa Tiba
Nakazia #6. Tena yale maneno yaliyochapwa juu ya karatasi hayakuandikwa na daktari, ni programu ndani ya mashine. Inapima umbali na urefu kisha inabahatisha jina. Wataalamu wanaichukulia kama pendekezo, haiwi jibu mpaka mtu ameisoma karatasi kwa macho yake.

Nyanda, hiyo karatasi unayo? Ipige picha leo hii. Ile ni karatasi ya joto, haitumii wino. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au ukaibandika na selotepu inafifia, mwaka ukipita unabaki na karatasi tupu.

#8 Nyanda wa Kahama
Asanteni sana. Nimeipiga picha na kuiambatanisha, jina nimelifunika. Damu ilikuwa 10.4. Presha wiki za mwisho za ujauzito ilipanda kidogo, walisema wataifuatilia, baada ya kujifungua hakuna aliyeipima tena mpaka juzi.

#9 Fundi Vifaa Tiba
Nimeikuza. Karatasi inatembea milimita 25 kwa sekunde, maana yake kila chumba kikubwa cha karatasi ni sekunde 0.2. Tafuta kilele kirefu, hesabu vyumba vikubwa hadi kilele kinachofuata, halafu chukua 300 ugawe kwa hiyo hesabu. Kwake nimehesabu viwili na nusu, hivyo mapigo ni 120 kwa dakika akiwa amelala. Mengine nawaachia wenyewe.

#10 Tabibu wa Wilaya
120 akiwa amelala, damu 10.4. Damu hiyo ni pungufu lakini haitoshi kumvimbisha miguu na kumnyima pumzi usiku. Aliyesimamia hapo alisimama mapema mno.

Mimi niko wilayani, mgonjwa wa namna hii nampata kila baada ya muda. Mwanamke anayeanza kukosa pumzi mwezi wa mwisho wa mimba au miezi michache baada ya kujifungua, wa kwanza kumfikiria ni ugonjwa wa misuli ya moyo unaofuatana na uzazi. Misuli inalegea, chumba cha kushoto kinatanuka, nguvu ya kusukuma inashuka chini ya asilimia 45. Ubaya wake ni kwamba dalili zake zinafanana na kulea: uchovu, kukosa usingizi, miguu kujaa. Kila mtu anasema "ndiyo uzazi huo". ECG yake wakati mwingine haina kitu cha kushika zaidi ya mapigo ya kasi, kama hii hii. Ndiyo maana siku hizi namsifu anayebeba kile kidude kwenye mfuko wa koti.

Habari njema ni kwamba wengi wao moyo hurudi, wengine ndani ya miezi 6, ilimradi dawa zianze na zisikatwe. Na asibebe mimba nyingine kabla moyo haujapimwa na daktari wa moyo kusema neno. Hilo mwambie shemeji mapema.

#11 Kaka wa Kisumu
Tabibu, nakuheshimu, lakini umefunga faili mapema. Huo ugonjwa unaitwa hivyo baada ya kuondoa mengine yote. Huku kwetu ziwani mama kijana anayeanguka baada ya kujifungua, mara nyingi ni vali. Alipata homa ya baridi yabisi utotoni, vali ikaharibika pole pole, hakujua. Mimba inapoongeza damu mwilini ndipo moyo unapokiri.

Kupima kifua kwa masikio hakutoshi kabisa. Mwaka 2007 yalitoka matokeo ya uchunguzi wa watoto wa shule Msumbiji: katika watoto 2,170, madaktari waliokuwa na vifaa vya kusikilizia waliwapata 5, eko ikawapata 66. Na kaskazini mwa Uganda walifuatilia watoto na vijana 818 ambao vali zao zilikuwa na dalili za mwanzo, zile zinazoonekana kwa eko peke yake. Kundi moja likachomwa penisilini kila wiki 4. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Sindano ya zamani, ya bei ndogo!

Nyanda, kumbuka vizuri: dadako aliwahi kuvimba magoti au vifundo akiwa mdogo? Koo lilikuwa likimsumbua?

#12 Ngosha99
Nimekubali ya mionzi, asante daktari. Lakini hicho kidude bado sikiamini. Mjomba wangu aliambiwa na mtu mwenye kidude kama hicho kwamba ana maji kwenye moyo. Tulikopa, tukauza mbuzi, tukaenda mjini. Eko kubwa ikasema ni mafuta. Mafuta! Mtu amelala siku tatu hali, anaandika wosia.

#13 Daktari wa Zamu
Ngosha99, hapo una hoja na pole kwa mjomba. Mafuta yanayokaa mbele ya moyo hufanana na maji kwa asiyezoea, hasa kwa mtu mnene au mzee. Maji ya pafu la kushoto nayo humchanganya mtu akadhani ni ya moyo. Kifaa hakikukosea, jicho ndilo lililokosea, na jicho linafundishwa kwa kupima wagonjwa wengi mwenye ujuzi akiwa amekusimamia.

Ndiyo maana sisi tunaotumia kile kidude tumewekewa mipaka. Tunauliza maswali machache makubwa: moyo unasukuma vizuri au vibaya? Mfuko wa moyo una maji? Upande wa kulia umevimba? Mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, ule unaopita nyuma ya ini, umejaa? Tunatazama pembeni ya mfupa wa kifua, chini ya titi la kushoto, na chini ya chembe cha moyo tukielekeza juu. Ukipitisha na kwenye mapafu ukaona mistari myeupe mirefu inashuka kama mikia, unajua mapafu yamelowa. Basi. Kupima vali inavuja kiasi gani, imebana kiasi gani, hiyo ni kazi ya eko kamili na mtu aliyesomea. Yule kijana wa #1 alifanya kama inavyotakiwa: aliona, akaanza dawa, akaandika rufaa.

#14 Nyanda wa Kahama
Kaka wa Kisumu, umenishtua. Nimempigia mama simu sasa hivi. Akiwa darasa la 5 alikaa nyumbani karibu muhula mzima, goti likivimba linapoa, linahamia jingine. Walisema ni kukua. Tukamkanda na majani.

#15 Kaka wa Kisumu
Goti linapoa, la pili linaanza. Hiyo ya kuhamahama ndiyo yenyewe. Iandike kwenye karatasi mwipeleke Mwanza na maneno hayo hayo ya mama.

#16 Tabibu wa Wilaya
Inawezekana, sikatai. Lakini watu wangapi humu walivimba magoti utotoni? Yule kijana aliona moyo *unasukuma kwa udhaifu*. Vali iliyobana haifanyi chumba cha kushoto kilegee namna hiyo. Nabaki nilipo.

#17 Mwl. Mstaafu
Nimesoma yote, naona ECG inaonewa. Mniruhusu niitetee.

Mimi nina ugonjwa wa vali tangu ujana. Eko ilifanyika, ikaonyesha vali imebana, nikawa nahudhuria kliniki. Mwaka mmoja nikaanza kuhisi moyo unacheza ngoma isiyo na mpigaji. Ukishika mshipa hapa kifundoni mwa mkono: mbili za haraka, kimya, moja, nne, kimya. Tabibu wa kituo cha afya akanilaza, akaniwekea ECG, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. "Mwalimu, kabla ya kila kilele kirefu panatakiwa kilima kidogo. Wewe vilima vyote vimepotea, na vilele havina mpangilio." Vyumba vya juu vilikuwa vinatetemeka badala ya kubana. Damu ikituama humo inaganda, donge likiruka linakwenda kichwani, mtu anapooza.

Siku hiyo nikaanzishiwa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na hadi leo napima damu yangu kila mwezi. Miaka michache iliyopita nikasikia kuna dawa mpya zisizodai kipimo cha kila mwezi, nikaziomba. Daktari wangu akakataa kata kata, akasema kwa vali iliyobana kama yangu wafarini bado ndiyo mlinzi mzuri zaidi. Baadaye, 2022, yakatoka matokeo makubwa kwa wagonjwa wa aina yangu yakasema hivyo hivyo.

Sasa ile eko ya miaka ya nyuma isingeniambia mpigo umeharibika lini. Karatasi ya ECG ndiyo iliyoniambia, kwenye kituo kisicho na daktari.

#18 Chumvi Nyingi
Mwalimu, "ngoma isiyo na mpigaji" umeniua. Dumu sana mzee wetu, na kipimo cha mwezi huu usikikose.

#19 Mpwa wa Pangani
Nimejifunza mengi. Ila nani aligundua hivi vitu? Nilisikia hii ya sauti ni ya jeshi la Marekani, la kutafuta nyambizi.

#20 Fundi Vifaa Tiba
Mpwa, ya nyambizi ni ndugu yake tu. Ya moyo ilianzia Lund, Uswidi, mwaka 1953. Daktari Inge Edler alikuwa anahangaika kujua vali ipi imebana na ipi inavuja kabla ya mtu kupasuliwa. Akakutana na mwanafizikia Hellmuth Hertz, wakaazima kifaa cha kukagulia nyufa ndani ya vyuma, aina ile iliyokuwa ikitumika kwenye kiwanda cha meli Malmö, wakakielekeza kifuani. Kwa hiyo mnapoambiwa "kifaa cha wajawazito", kwa moyo kilitokea kwenye vyuma vya meli.

ECG ni ya zamani zaidi, ya Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, mzaliwa wa kisiwa cha Java. Mashine yake ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, mgonjwa anazamisha mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Majina ya vilima, P, Q, R, S, T, ni yake, na Nobeli alipewa 1924. Mama yake Nyanda anayeidharau simu aambiwe na hili: mwaka 1905 mashine ilikuwa nzito haihamishiki, mgonjwa yuko hospitali kilomita moja na nusu, Einthoven akapitisha umeme wa moyo wake kwenye waya wa simu hadi maabara.

#21 Bi Rehani
Salaam wanangu. Msinicheke. Sisi wa zamani tunasema mzazi akitoka nje kabla ya arobaini upepo unamwingia kifuani. Huyu mtoto alikaa ndani siku ngapi? Na maji ya moto alikandwa?

#22 Dada Muuguzi
Bibi, hatukucheki. Arobaini ina faida yake, mzazi anapumzika na watu wanamtazama. Ninachoomba kwa mabibi ni kimoja: ndani ya hizo siku 40 mkiona analala ameketi, msimkande, mleteni. Ninyi ndio mnaoona kabla yetu.

#23 Bi Rehani
Hilo nimelishika. Nitawaambia na wenzangu.

#24 Kijana wa Mbagala
Nami nina swali, samahani kwa kuchepuka. Nacheza mpira, nilipimwa kwa ajili ya usajili, ECG ikaandika uwezekano wa shambulio la moyo. Nina miaka 21! Timu ikanisimamisha. Sina maumivu, sizimii, nakimbia dakika 90.

#25 Daktari wa Zamu
Kijana, pole, hili huwakuta wengi wenye asili ya Afrika. Kijana mweusi mwenye mazoezi mazito moyo wake unaweza kutoa mistari iliyoinuka, hata kilima cha mwisho cha kila pigo kikapinduka kwenye waya za kwanza nne za kifuani, naye mzima. Miongozo ya kusoma ECG za wanamichezo inalitambua hilo, mashine yenyewe mara nyingi hailitambui. Lakini usijihukumu mwenyewe kuwa mzima. Nenda ukapimwe eko kuhakikisha misuli haikunenepa isivyo, kwa sababu ugonjwa huo upo na huua vijana uwanjani. Ukiwa Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili wanaona watu kama wewe. Na kama kuna mtu kwenu aliyekufa ghafla akiwa kijana, waambie.

#26 Tabibu wa Wilaya
Turudi kwa mgonjwa wetu. Kuna jambo hatujaligusa: yale maji. Nyanda, nyumbani kuna mwenye kifua kikuu?

Nauliza kwa sababu moja. Niliwahi kumpokea kijana wa miaka 30, presha 80 kwa 50, mishipa ya shingo imesimama kama kamba, kajasho kembamba. ECG yake ilikuwa na vilele vifupi vifupi, halafu kimoja kirefu, kimoja kifupi, kirefu, kifupi. Sikuwa na ultrasaundi ya moyo, nikachukua ile ya wajawazito, nikaiweka chini ya chembe cha moyo. Moyo ulikuwa unaogelea. Kweli kabisa, unayumba ndani ya maji kama mtumbwi usio na nanga, ukisogea mbele kilele kinarefuka, ukirudi nyuma kinafupika. Tulivuta maji kwa sindano tukiitazama sindano ikiingia, na kabla bomba la tatu halijajaa aligeuza kichwa akaomba maji ya kunywa. Ilikuwa kifua kikuu kwenye mfuko wa moyo.

#27 Nyanda wa Kahama
Baba mkubwa tunayekaa naye alimaliza dozi ya TB mwaka jana.

#28 Chumvi Nyingi
Sasa hapa mimi nimepotea. Uzazi, vali, presha, TB. Jamani mdogo wetu ana vyote?

#29 Kaka wa Kisumu
Hapana, ila vyote vinafanana mlangoni. Na presha ya ujauzito usiisahau, inaweza kuuchosha moyo peke yake.

#30 Nyanda wa Kahama
Wakuu, tumerudi mtandaoni kutoka Mwanza. Shemeji alikubali baada ya kumsomea #10. Asanteni, sijui niseme nini.

Eko imefanyika karibu dakika 45, mgonjwa amelazwa ubavu wa kushoto. Nanukuu karatasi: chumba cha kushoto kimetanuka, EF asilimia 34, vali ya mitrali (ile ya upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini) inavuja kiasi cha kati, ncha zake nene kiasi, maji kidogo kwenye mfuko wa moyo, hakuna donge la damu. Wamemlaza. Kwa hiyo yule kijana wa simu alikuwa sawa.

Mama ameuliza kama hiyo 34 maana yake moyo umebaki theluthi moja.

#31 Daktari wa Zamu
Mwambie mama hapana. EF ni sehemu ya damu inayotoka chumbani kila moyo unapobana. Hata moyo mzima hautoi yote, hutoa kati ya asilimia 55 na 70. Yake imeshuka sana, lakini siyo theluthi moja ya uhai.

#32 Tabibu wa Wilaya
34, chumba kimetanuka, miezi 3 baada ya kujifungua. Nilisema.

#33 Kaka wa Kisumu
Na ncha nene za vali je? Na magoti ya darasa la 5? Vali inayovuja miaka kumi na tano inaweza kabisa kukitanua chumba na kukichosha. Tabibu, ulizungumzia vali iliyobana, hii inavuja.

#34 Tabibu wa Wilaya
Chumba kikitanuka kwa sababu yoyote, vali inavutwa huku na huku, ncha hazikutani, itavuja tu. Uvujaji wa kati hauwezi kuushusha moyo hadi 34.

#35 Kaka wa Kisumu
Kuvutwa hakunenepeshi ncha. Nyanda, waulize kama ncha ya mbele inapinda kama goti inapofunguka, na kama zile kamba za chini ya vali zimefupika. Wakisema ndiyo, sindano ya penisilini ya kila mwezi inamhusu hata kama Tabibu yuko sahihi kuhusu uzazi.

#36 Daktari wa Zamu
Na inawezekana nyote wawili mko sahihi kwa mgonjwa mmoja. Vali iliyoumia zamani, na juu yake misuli iliyolegea kwa uzazi. Nimeona.

#37 Mama Tuli
Mwanangu, analala sasa? Na mtoto ananyonya nini?

#38 Nyanda wa Kahama
Mama Tuli, jana amelala na mito miwili. Usiku mmoja amekojoa lita tatu, vifundo vimeonekana. Mtoto niko naye hapa nje ya wodi, wanamruhusu kumnyonyesha, nampeleka kila akilia.

Kaka wa Kisumu, nimemwonyesha daktari swali lako la goti la vali kwenye simu yangu. Alilisoma mara mbili, akauliza wewe ni nani. Amesema kesho saa 4 asubuhi watarudia kuitazama vali wakiwa na bingwa, na maji yataangaliwa tena. Karatasi ya ECG nimekuja nayo, wamepima nyingine, mapigo sasa ni 96.